Sampuli kwanza, antibiotiki baadaye

Mhariri,

Mvua zinapoanza kandokando ya Ziwa Victoria, mtu mwenye homa na maumivu ya viungo humeza dawa ya malaria, na asipopata nafuu hukimbilia kemisti kuongezewa antibiotiki ya azithromaisini. Corona ilipoingia, mtindo huo ulizidi. Hatukatai kwamba mgonjwa wa corona anaweza kuwa na ugonjwa wa pili. Tunachopinga ni kuubahatisha ugonjwa huo wa pili badala ya kuupima.

Mnamo Aprili 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba kati ya wagonjwa wa corona waliolazwa hospitalini, ni asilimia 8 tu waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki, ilhali takriban asilimia 75 walipewa dawa hizo. Azithromaisini yenyewe ilijaribiwa Uingereza katika utafiti wa RECOVERY na haikupunguza vifo. Antibiotiki huua bakteria. Kirusi haina habari nacho.

Katika Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, mwenye homa apimwe malaria na corona pia, kwa maana kupatikana na moja hakuondoi nyingine. Lakini kipimo cha haraka cha malaria husoma protini ya kimelea, ambayo huweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyemaliza dozi majuzi, kisha kipimo kikaonyesha mistari miwili, atazamwe damu kwa hadubini kabla ya kupewa dozi nyingine. Nakuru malaria si nyingi kama huku ziwani. Huko na kwingineko, aliyekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, hata kama majibu yake ya corona tayari yapo mezani.

Bakteria wanaoingia na mgonjwa kutoka nyumbani ni wachache. Wengi humkuta wodini baada ya siku kadhaa, kupitia mpira wa kupumulia, dripu au mpira wa mkojo, na hao ndio wakaidi kwa dawa: Klebsiella, Acinetobacter, Pseudomonas. Wa kutiliwa shaka ni yule aliyekuwa akipata nafuu, kisha homa ikarudi, makohozi yakawa mazito ya manjano na mahitaji yake ya oksijeni yakapanda upya. Chembe nyeupe za damu zisiwe ushahidi pekee. Deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotolewa miligramu 6 kwa siku, ambayo huokoa maisha ya wanaohitaji oksijeni, huzipandisha chembe hizo bila bakteria yeyote kuwepo, na wakati huohuo huweza kuficha homa. Tena hupandisha sukari. India mwaka 2021 kuvu mweusi aliwashambulia zaidi wenye kisukari na waliotumia steroidi. Kwa hivyo sukari ipimwe kila siku.

Kati ya sampuli zote, damu ya kuotesha, yaani inayotiwa chupani ili maabara ione kama bakteria wataota, ndiyo huharibiwa zaidi. Ngozi isuguliwe kwa klorheksidini yenye spiriti kwa sekunde 30, kisha iachwe ikauke yenyewe. Ukiipuliza kwa mdomo umewarudisha bakteria uliotoka kuwaondoa. Mpira wa mdomo wa chupa nao upanguswe kwa spiriti. Mtu mzima atolewe mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kutoka sehemu mbili tofauti za mwili, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Chupa iliyotiwa mililita 2 huenda isioteshe kitu, na daktari atadhani damu ni safi. Bakteria wa kawaida wa ngozi wakiota upande mmoja tu, mara nyingi huo ni uchafu wa wakati wa kuchukua damu, si ugonjwa. Na chupa hizo haziwekwi kwenye friji, hata usiku. Zifikishwe maabara haraka.

Kwa makohozi, mgonjwa asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi ndefu, kisha akohoe kutoka kifuani. Mate ni mate tu, na maabara ina haki ya kuyakataa.

Mgonjwa mahututi hasubirishwi majibu. Damu ichukuliwe, dawa ianze papo hapo, na baada ya saa 48 hadi 72 faili ifunguliwe tena. Kama hakuna kilichoota na hali yake haiashirii bakteria, antibiotiki zisimamishwe. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika, dawa zikaendelea siku kumi kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kuna pia ile chupa ya maji kwenye mtambo wa oksijeni. Ikijazwa maji ya bomba, au ikiongezewa mapya juu ya ya jana, Pseudomonas hustawi humo na kupulizwa moja kwa moja kuelekea mapafuni. Imwagwe kila siku, isafishwe, ikaushwe, ndipo itiwe maji yaliyotakaswa.

Kaunti zinapopanga bajeti ya dawa, chupa za kuoteshea damu ziagizwe katika orodha moja na antibiotiki kama seftriaksoni, wala zisisubiri pesa zitakazobaki.

Wahudumu wa maabara,
Kisumu