Mizani Inakula

Chake Chake, Pemba
Ijumaa jioni

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, mvua tu ndiyo haitupi nafasi ya kuanika. Mama anakusalimu na anauliza ule mkeka utaufuata mwenyewe au aupakie kwenye boti. Mjibu upesi, maana kila mgeni anayeingia anaulizia bei yake.

Barua yako nimeipata. Unataka nikwambie kuhusu hii akili mnemba ya maofisini, yaani programu ya kompyuta inayokuandikia barua na nyaraka, kwa kuwa mwalimu mkuu wako anataka kuilipia na wewe ndiye utakayekaa nayo. Kwanza ucheke. Nilipomwambia baba kuwa tumeletewa akili mnemba kazini, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Ndiyo wale wa kisiwa cha Mnemba, kule Matemwe, walioileta?" Mpaka leo anaiita akili ya Matemwe.

Unakikumbuka kile kibanio cha karatasi chenye macho, kilichokuwa kikichomoza pembeni ya kioo kila tukianza kuandika barua kule darasani? Kiliingia na Office 97, watu wakakichoka, lilipokuja toleo la 2007 hakikuwamo tena. Nilidhani hii ni nduguye. Siyo. Kile kilikuwa kikiuliza uliza tu, hii inashika kalamu na kuandika. Microsoft walitangaza yao, Copilot, Machi 2023, na Novemba mwaka huohuo wakaanza kuyauzia makampuni kwa dola 30 kwa mtu mmoja kwa mwezi, yaani shilingi elfu sabini na ushei. Google nao wana Gemini humohumo kwenye barua pepe na nyaraka zao. Yetu sikutajii jina, bosi bado anapatana nao bei na mdomo wangu unaujua.

Nianze na haki yake. Barua za Kiingereza kwa wanunuzi wa mwani zilikuwa zinanila nusu ya siku, kamusi huku, kumpigia mtoto wa bosi huku. Sasa naandika kwa Kiswahili ninachokitaka, inanitolea Kiingereza, nasoma, napunguza sukari (inashukuru mno, utadhani tumeolewa kwao), napeleka. Robo saa. Hilo silikatai hata kidogo.

Lakini mwezi wa kwanza tu ilinitia aibu. Niliandika kuwa mgeni atapokewa Mkoani bandarini saa mbili asubuhi. Kiingereza kilikuja kimenyooka hata sikukikagua, nikapeleka. Kesho yake mgeni akaandika kwa adabu zote, akiuliza kama kweli kuna boti inayofika Pemba usiku wa manane. Ilikuwa imemwandikia saa mbili ya kwao, ambayo kwetu ni saa nane ya usiku! Tangu hapo saa naziandika mwenyewe, 8:00, na tarehe naziandika kwa jina la mwezi, maana 3/4 kwetu ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi.

Kiswahili chetu nacho inakisahihisha. Naandika skuli, inaweka shule. Narudisha skuli, inaipigia mstari. Wewe skuli imeandikwa getini kwenu na kwenye kila karatasi ya wizara, leo uambiwe umekosea! Siku moja ilitaka kumgeuza Sheha, kiongozi wetu wa serikali mtaani, awe Shehe wa dini, na barua yenyewe ilikuwa ya kuomba kibali. Yule mpwa wangu anayesomea kompyuta alinieleza kuwa haijui maneno kama tunavyoyajua sisi, inabashiri neno linalofuata kwa yale iliyoyasoma kwa wingi, na maandishi ya bara ni mengi kuliko yetu. Kwa hiyo shule inashinda kwa wingi wa kura. Nimemwelewa, ila bado inaniudhi.

Hesabu ndiyo usiiachie hivi hivi, na wewe una alama za wanafunzi. Sisi tuna jedwali la kilo za mwani mkavu kutoka Tumbe, Makangale na Kisiwa Panza, na chini ya kila mwezi tunaweka mstari wa jumla. Nikaiuliza jumla ya msimu mzima. Ikanijibu papo hapo, kwa maneno matamu, na jibu likawa mara mbili ya mzigo wenyewe, kwa sababu ilijumlisha kilo kisha ikajumlisha na zile jumla. Nilishtuka kwa sababu ghala letu nalijua, halichukui mzigo ule hata ukipanga magunia mpaka darini. Siku hizi siiombi jibu. Naiomba iniandikie fomula, kisha nabonyeza kile kisanduku na kutazama inajumlisha wapi mpaka wapi. Wala si uoga wangu. Microsoft wenyewe walipotoa fomula yao ya COPILOT kwenye Excel, programu yao ya majedwali, mwaka 2025, waliandika kwamba isitumiwe kwenye kazi inayotaka hesabu sahihi.

Sasa ngoja nikwambie lililonikosesha usingizi.

Wiki tatu nyuma tulikuwa na kikao na kina mama wa mwani. Wamekaa mikekani, bosi kwenye kiti, mimi pembeni na daftari. Bi Mwanakombo akasimama, yule mama mfupi wa Kisiwa Panza asiyepandisha sauti. Akasema gunia lake alilipima dukani kabla ya kuja, likasoma kilo 31. Hapa kwetu likasoma 28. "Hizo tatu zimekwenda wapi? Mizani yenu inakula." Wenzake wakaitika, inakula! Bosi akasema ni unyevu, mwani hukauka njiani. Wakamcheka kwa pamoja, maana lile duka na ghala letu unaweza kupokezana chumvi dirishani. Kikao hakikuisha, kilivunjika. Maji yalikuwa yanakupwa na shamba la mwani halimngoji mtu, wakafunga kanga viunoni wakatoka.

Nikayapiga taipu madondoo yangu, kurasa mbili, nikaiambia ile programu: fupisha, iwe ya kiofisi. Ikanipa aya moja nzuri ajabu. Nakunukulia: "Wajumbe walijadili kwa kina umuhimu wa kuboresha vifaa vya upimaji na kukubaliana kuendeleza ushirikiano wa karibu." Basi. Kilo tatu hazimo. Bi Mwanakombo hayumo. Na huko kukubaliana kumetoka wapi, Zuhura, wakati watu waliondoka wamenuna?

Bosi akasoma begani kwangu. "Safi. Hii ndiyo lugha ya ofisi. Chapa, tusaini."

Sikusema kitu. Nikajifanya printa imekwama karatasi, na wallahi mara nyingi hukwama kweli. Nilipobaki peke yangu nikaisoma tena ile aya, na kilichonitisha ni kwamba ingekuwa ya mtu mwingine ningeipenda. Kosa la hesabu linakutazama usoni. Hili lilikuwa limevaa suti. Na kusema haki, mimi ndiye niliyeiambia iwe ya kiofisi, nayo imezisoma nyaraka nyingi za maofisini, inajua maofisi hupenda kusikia nini.

Nikafuta. Nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja kimoja: jina lake, 31, 28, maneno yake ndani ya alama za kunukuu, na mwisho, "Kikao kiliahirishwa bila makubaliano." Kisha, nikuchekeshe tena, nikaipa ile programu ikague tahajia tu. Ikanishauri "mizani inakula" si fasaha, niseme "mizani ina hitilafu". Nikaikatalia.

Kwa hiyo ukiniuliza mlipie au msilipie, mimi nasema mwambie mwalimu mkuu aanze na hizi za bure, mwezi mmoja hivi. Itakufaa kwenye barua za wafadhili, matangazo ya mikutano ya wazazi na kupanga ratiba. Majina ya watoto na alama zao usiziweke humo. Haikai kwenye kompyuta yako, unachoiandikia kinasafiri kwa intaneti mpaka kwenye mitambo yao huko nje, na ndiyo maana intaneti ikikatika hapa Chake nayo haipo, nabaki mimi na daftari langu. Na muhtasari wa kamati ya skuli andika mwenyewe, hasa siku watu wakigombana.

Juzi tulikutana tena. Desturi yetu muhtasari uliopita husomwa kwa sauti kabla ya yote, na msomaji ni mimi. Bosi alikuwa hajaisoma karatasi mpya, nami sikumkumbusha. Nilipofika pale, Bi Mwanakombo akainua mkono.

"Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia. Kilo 31 dukani, 28 ghalani, mizani inakula. Akamgeukia mwenzake, akaitikia kwa kichwa taratibu, akakaa. Bosi alinitazama mimi, kisha akaitazama mizani pale mlangoni muda mrefu. Fundi anakuja Jumatatu kuikagua. Kama ni unyevu kweli, tutajua.

Nisalimie watoto, na mdogo umwambie kashata zake nitampa mtu wa boti pamoja na mkeka, ukishamjibu mama.

Wako,
Raya