Pikapu inamisi mlimani? Usinunue spea kabla haijapimwa

Simu nyingi zinazoingia hapa gereji Ipogolo, Iringa, huanza hivi: "Fundi, gari linamisi. Plagi ni shilingi ngapi?" Swali hilo hutuumiza, maana mteja ameshajiandikia dawa kabla ya kupimwa. Plagi ikichoka, kweli injini humisi, yaani silinda mojawapo hukosa kulipua. Lakini humisi pia koili (inayoipa plagi umeme) ikifa, nozeli (inayonyunyizia petroli) ikiziba, mpira wa hewa ukipasuka, vali ikiungua, au petroli ikiingia maji. Mtikisiko ni ule ule, na kwa sikio pekee hata fundi wa miaka mingi anaweza kukosea.

Pikapu za petroli tunazozipokea zaidi ni Toyota Hilux zenye injini ya 2TR, ile ya lita 2.7 na silinda nne. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, huzunguka kama mara 700 kwa dakika, na kila silinda hulipua mara moja katika kila mizunguko miwili. Hiyo ni milipuko 350 kwa dakika, karibu sita kwa sekunde, kwa silinda moja tu. Silinda ikikosa kulipua, zile tatu huibeba, na wewe uliyeshika usukani unasikia gari linatetema, nguvu inapungua, na huko nyuma bomba linatoa harufu ya petroli mbichi.

Mwezi uliopita tulimpokea mzee mmoja anayebeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kuleta mjini. Alishuka garini amechoka. "Wanangu, hili gari linanidhalilisha Kitonga," alisema, yaani kwenye ule mlima wa njiani. Gari likiwa tupu halina neno. Likipakia magunia, likifika kwenye kona za katikati ya mlima, linaanza kukohoa na taa ya injini inawaka na kuzima. Akipumzika juu, akiteremka na kutulia, linapona. Alikuwa ameshabadilishiwa plagi zote nne, kisha pampu ya mafuta, sehemu mbili tofauti. Pesa ya msimu mzima wa vitunguu iliishia kwenye spea ambazo gari halikuzihitaji.

Maelezo yake peke yake yalikuwa yameshatuonyesha njia. Cheche ya plagi lazima iruke pengo dogo, kwa kawaida milimita 1.1 kwenye plagi nyingi za injini kama hii (ndiyo ile 11 unayoiona mwishoni mwa namba ya plagi). Gari likiwa tupu, silinda haijajaa sana, na cheche huruka bila taabu. Ukikanyaga mafuta mlimani ukiwa na mzigo, hewa na petroli vinaingia kwa wingi, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi ili iruke pengo lile lile. Koili iliyoanza kuchoka inashindwa hapo hapo. Na koili ikipata moto inadhoofika zaidi, ndiyo maana gari likipoa linajifanya zima.

Tulichomeka mashine ya kupimia, ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0302. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, kwa hiyo hii ni silinda ya pili. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haikisii: kuna sensa inayohesabu meno ya gurudumu kwenye krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), na silinda isipolipua, krenki hupunguza kasi kidogo sana. Kompyuta inajua ilikuwa zamu ya nani.

Sasa hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. P0302 haisemi "badilisha koili ya pili." Inasema silinda ya pili haikulipua, basi. Sababu bado inatafutwa. Tulichukua koili ya silinda ya pili tukaihamishia ya tatu, na ya tatu tukaileta kwa ya pili. Tukafuta kodi, tukapakia mzigo, tukaenda kupanda mlima. Tuliporudi mashine ilisoma P0303. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili. Ungebaki kwenye silinda ya pili, tungehamisha plagi, kisha nozeli, kwa utaratibu ule ule. Kipimo hiki hakigharimu spea hata moja, kinataka muda na subira tu.

Lakini hatukuishia hapo, na ninamshukuru kijana wetu aliyemulika tochi ndani ya shimo la plagi. Kulikuwa na oili. Sili ya shimo ile, iliyo chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), ilikuwa imekauka na kupasuka, oili ikapenya na kulainisha mpira wa koili mpaka umeme ukawa unatorokea pembeni badala ya kufika kwenye plagi. Tungefunga koili mpya tu, mzee angerudi baada ya muda na koili nyingine imekufa, na angekuwa na haki ya kutukasirikia. Tulibadilisha koili moja na seti ya gasketi na sili za tapeti kava. Plagi alizofungiwa zilikuwa nzima, tulizifuta oili tukazirudisha. Pampu yake mpya nayo haikuwa na kosa.

Kuna mtindo wa zamani wa kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiunguruma, kusikiliza silinda ipi haibadilishi mlio. Kwenye magari ya zamani ulisaidia. Kwenye Hilux ambayo kila silinda ina koili yake, tafadhali usimruhusu mtu akufanyie hivyo. Umeme ukikosa njia unaweza kuiua koili nzima au kumpiga fundi, na petroli isiyoungua inakwenda moja kwa moja kwenye masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi. Sisi huchomoa soketi ya nozeli, ili silinda isilipue kwa kunyimwa petroli yenyewe. Na koili zenye waya nne haziaminiki kupimwa kwa mita ya kawaida, kwa sababu ndani yake kuna saketi ya kielektroniki. Anayekuambia "nimeipima kwa mita, iko sawa" hajakupa jibu.

Kuhusu masega: taa ya injini ikiwaka na kutulia, unaweza kuendesha taratibu hadi gereji. Ikiwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kontroli boksi inakuonya kwamba petroli mbichi inafika kwenye masega na kuungulia humo. Yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka na kuziba. Punguza mwendo, ondoa mguu kwenye mafuta, simama mahali salama. Hasara ya kuvutwa ni ndogo kuliko ya masega.

Si kila gari linalomisi lina koili mbovu. Kama ugonjwa umeanza siku ulipoosha injini kwa mashine ya presha, huenda ni maji kwenye mashimo ya plagi, na kuyapuliza kwa hewa kunatosha. Ukiwa umeanza kilomita chache baada ya kujaza mafuta, hasa ya kwenye madumu barabarani, tutaanza na tenki. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka kemikali ya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini dumu la pembeni ya barabara halina anayelikagua. Gari linalomisi likiwa sailensa na kutulia ukiongeza mwendo mara nyingi linavuta hewa mahali pasipostahili, na hapo tunatafuta mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi.

Tukimaliza umeme, petroli na hewa bila jibu, tunapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Namba moja peke yake hainisumbui sana. Naangalia tofauti kati ya silinda na silinda. Toyota kwa kawaida hairuhusu izidi takribani PSI 15 (PSI ni kipimo cha presha). Silinda ikiwa chini tunatia oili kidogo kupitia shimo la plagi na kupima tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni vali au gasketi ya silinda hedi, na zikiwa chini silinda mbili zinazopakana, gasketi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Hii ni habari nzito kumpa mteja na hatupendi kuitoa, ila ni bora uisikie kabla hujanunua koili nne. Wenye pikapu za dizeli, haya ya plagi na koili hayawahusu. Kwenu tunaanza na nozeli na hewa kwenye mfumo wa mafuta.

Kupima tunatoza, na bei tunakutajia kabla hatujafungua boneti. Kuna wateja wanaona ni pesa ya bure kwa kuwa hawajaondoka na spea mkononi. Naelewa. Lakini ule muda wa kuhamisha koili na kwenda kupanda mlima na mzigo ndiyo kazi yenyewe.

Ukija, usichomoe betri wala kumwacha mtu afute kodi njiani, maana kontroli boksi imehifadhi hali ya injini wakati ule ilipomisi: joto, mwendo, mzigo. Tuambie inamisi ikiwa ya baridi au ya moto, tupu au imepakia. Na ukiweza, liache gari kwetu jioni tuliwashe sisi alfajiri. Likimisi sekunde chache za kwanza huku likitoa moshi mweupe, kisha likatulia, huenda maji ya rejeta yanavujia kwenye silinda usiku, na ukituletea saa nne injini ikiwa ya moto hatutaliona hilo.