Majumba yetu ya pwani watoto wetu watayajua lini?

Mhariri, assalamu alaikum. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, jambo hili limenikaa moyoni tangu nliporudi safari.

Mwezi wa saba nlikwenda Ujerumani kwa mdogo wangu anaeishi Koblenz, siku moja akanipandisha boti ya mto Rhine kutokea Bingen. Mto umebanwa na milima huku na huku, mizabibu imepandwa mpaka juu, na boti ikikata kona tu ushaona ngome nyengine. Pale Kaub ipo moja nyeupe katikati ya maji, imechongoka kama jahazi, imejengwa karne ya 14 kwa kazi ya kutoza ushuru, vyombo vilikuwa vinazuiliwa kwa mnyororo mpaka walipe. Nikamwambia mdogo wangu hii si Forodhani yetu ya Unguja hii, na sisi jina lile limetoka wapi kama si forodha! Mbele kidogo, St. Goar, Rheinfels ni gofu, Wafaransa waliibomoa mwaka 1797, na gofu hilohilo wanalitunza watu wanalipa kuingia.

Lakini kilichonigusa khasa si ngome. Ubavuni kwangu alikaa mzee na mjukuu wake, kama miaka saba hivi, wamekunjua ramani ndefu magotini, kila ngome ikitokea mtoto anaweka kidole anasoma jina, babu yake anamsahihisha, kisha wanainua vichwa wanaitazama pamoja mpaka inapotea. Machozi yalinilenga, wallahi. Maana mie wangu yuko kidato cha tatu, anapita Mtoni kila siku na gari ya 502 kwenda skuli, na nliporudi nikamuuliza Mtoni pana nini, akanijibu pana matangi ya mafuta.

Si kosa lake, nani kamuonesha? Pale ndipo lilipo jumba la Seyyid Said, sultani wetu wa zamani, kongwe kuliko majumba yote ya wafalme Unguja, ndimo alimozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, yule alieolewa na Mjerumani akaenda kuishi hukohuko nilikotoka mie, akafia Jena mwaka 1924. Ukirudi mjini unapita Maruhubi, jumba la sultani Seyyid Barghash, limeungua 1899, nguzo zimesimama mpaka leo na hamamu lipo, na pwani yake mafundi wanatia kalafati majahazi. Kisha Beit al-Ajaib, jumba la 1883 pale Forodhani, na lile tunajua sote sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 ikaua watu. Yote haya yameelekea bahari, yalijengwa yaonekane na anaekuja na chombo, sisi tunayapita kwa nyuma barabarani tukiangalia ukuta na miti.

Ombi langu, Mhariri, ni boti moja tu, mara moja kwa wiki, itoke Forodhani mpaka Mtoni na kurudi, awemo mwalimu wa historia anaesema Kiswahili, na nauli iwe ya mwananchi. Mie nliuliza safari za machweo, nikatajiwa bei kwa dola, na nyumbani kwangu tuko saba. Na watoto wa skuli wapewe siku yao, na ramani ichapishwe ya karatasi, majina yaandikwe na miaka, mtoto apate pa kuweka kidole.

Wapo watakaosema kule maji ni haba, kweli, Maruhubi yakipwa chombo hakisogei. Lakini siku za bamvua, yaani maji makubwa, bahari hujaa alasiri, kama saa kumi hivi, watoto washatoka skuli, na jua liko upande wa bahari linayamulika majumba kwa mbele. Manahodha wanayajua haya kuliko mie. Boti zao zimefungwa pale Forodhani mchana kutwa zinangoja wageni wa jioni, basi wahusika wa utalii na mambo ya kale wakae nao, watujibu lini.

Mzazi,
Bububu, Unguja