Damu ya Hamisi

Tanga, 14 Julai

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, mwenzangu. Mwanangu Hamisi yuko nyumbani, anakula vizuri, na jana alitembea mwenyewe hadi barazani. Alhamdulillahi. Barua yako ilifika siku ileile aliyopasuliwa, ndiyo maana nimechelewa kukujibu kuhusu posa ya Salama na hao wazee wanaosema mnaingiza damu ngeni nyumbani.

Hamisi ni kundi O, na mtu wa O hapokei ila damu ya O. Tukaitana ukoo mzima. Baba yake ni A, mimi B, na dada yake, tumbo moja, ametoka AB. Ami yake mkubwa alikuja mbio tangu Pangani, naye akapimwa, A. Aliyefaa ni kijana wa Kimasai anayelinda duka la jirani, mzaliwa wa Simanjiro, ambaye hatujawahi kuulizana hata majina. Mimi na mume wangu kila mmoja kumbe alibeba O iliyofichika, Hamisi akarithi zote mbili. Nimefundisha jambo hili ubaoni miaka mingi, Rehema, lakini sikuwahi kulisubiri mlangoni mwa wodi.

Usiku ule nilimkumbuka Richard Lewontin, yule mtaalamu wa jenetiki tuliyemsoma chuoni. Mwaka 1972 alichukua jeni 17, nyingi zikiwa hizihizi za makundi ya damu na protini zake, akawagawa wanadamu katika mafungu saba yaliyoitwa mbari, kisha akauliza: tofauti zote hizi zimekaa wapi? Kiasi cha asilimia 85 alizikuta ndani ya jamii mojamoja, baina ya watu wanaoishi pamoja na kuoana. Asilimia 8 hivi zilikuwa baina ya jamii za fungu moja. Zilizotenganisha mbari na mbari hazikuzidi asilimia 6 na kitu. Wapimaji waliokuja baadaye na vipande vingi zaidi vya DNA waliendelea kukuta sehemu kubwa imelala humohumo ndani.

Lakini usiwaambie wazee kwamba hakuna tofauti kabisa, maana si kweli, nao watakushika hapo. Mtaalamu mwingine wa jenetiki, A. W. F. Edwards, alionyesha mwaka 2003 kwamba jeni moja haikwambii mtu ametoka wapi, ila ukizisoma nyingi kwa pamoja, zile tofauti ndogondogo huambatana, na asili ya mababu ikabashirika vizuri. Yote mawili ni kweli. Asili hutambulika, na bado wingi wa tofauti uko kijijini kwako.

Tena kila jeni ina ramani yake. Tazama selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa jeni moja. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuta huko mwaka 1949 kwamba waliobeba jeni hiyo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache mno nyanda za juu zenye baridi. Sababu ni malaria: anayerithi nakala moja hukingwa na malaria kali, anayerithi mbili huugua. Jeni hiyohiyo iko Ugiriki, India na Arabuni. Haikufuata kabila wala rangi, ilifuata mbu. Mtu wa Mombasa na jamaa wa kisiwa cha Kigiriki wanaweza kuibeba wote, na jirani wa Mombasa asiwe nayo.

Ndiyo maana nakuomba jambo moja, nalo nalisema kwa uzito wote. Salama na mchumba wake wakapime selimundu kabla ya nikahi. Wote wawili, hata kama huyo kijana kwao ni Lushoto milimani na wazee watasema huko ugonjwa huo haupo. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Niandikie majibu yakitoka, na uniambie tarehe mapema, nataka kuja na Hamisi.

Wako,
Mwanaidi