Barua kwa mwanangu: kina Bibi wamehama

Mwanangu, hujambo? Jana nimekupigia mpaka nimechoka, mteja hapatikani, basi nikaona nikuandikie tu hapa wasap usome ukitoka klasi. Kina Bibi wa mlango wa pili wamehama Jumamosi. Watoto wao wamewajengea Mtwapa, na ngazi za hapa Kibokoni zilikuwa zishamshinda Bibi, yale magoti yake wayajua.

Lori haliingii kichochoroni, kwa hivo vitu vyote vilitoka kwa mkokoteni na vichwani mwa watu, sasa ile samadari yake ikakataa katakata kupita mlangoni, fundi akaanza kuifungua nguzo moja moja na Bibi amekaa barazani na buibui lake anamkaripia, polepole wewe, hicho kitanda cha mamangu! Nikacheka weee, kisha nikaingia ndani nikalia. Babako ati Mtwapa si Uarabuni, ni nauli ya matatu tu. Wanaume bwana.

Kuna jambo hatukukwambia. Mei 2020 huu Mji wa Kale wetu wa Mombasa ulipofungwa kwa ajili ya korona, huingii hutoki, kazi ya hoteli ya babako ilikuwa ishakwisha na humu ndani hakukuwa na kitu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na wewe ukaona kawaida tu, si kila mwaka Bibi hutuletea futari hata kama sisi ni watu wa kanisani? Lakini miaka mingine ilikuwa sahani, mwaka ule likawa sinia zima, limefunikwa kawa, wali, mbaazi za nazi, mahamri ya kulala nayo. Na kila siku maneno ni yaleyale, mwanangu nimekosea vipimo, wali umezidi, nisaidieni usiharibike. Mtu kapika tangu usichana wake akosee vipimo mwezi mzima?

Na hajawahi kutusimanga. Kuna wakati tuligombana kwa maji ya tangi, wajua maji ya mji huu, tukanuniana siku kadhaa na maneno makali yalitoka, yangu mengi, hata hapo lile sinia hakulitaja. Mwingine angelitoa mbele ya mtaa mzima. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza kunyamaza.

Chumba chao ameshaingia msichana na mtoto mchanga, mumewe yuko safarini. Leo nimempelekea viazi vya nazi, nimemwambia vimezidi.

Sasa wewe mpigie Bibi. Baada ya isha, mchana simu haisikii. Usimtumie pesa, atakurudishia na maneno juu yake. Mwambie tu Desemba ukishuka na treni utaenda kumwona, afurahi. Usimwambie nimekueleza haya.

Na ile fomu ya mkopo wa masomo ya HELB ushaipeleka? Nijibu leo, si kesho.

Mamako