Kadi za mialiko ziandikwe saa ya chakula

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na kamati za harusi, wenye hitima na yeyote anayealika watu kula, hasa hapa kwetu Kigoma, juu ya wageni ambao daktari amewapangia cha kula na wakati wa kula. Mimi ni mmoja wao. Huu ni mwaka wa 11 tangu nilipoambiwa kwamba nina kisukari, na shinikizo la damu lilifuata baadaye.

Wengi hudhani kwamba shida ya mtu wa aina yangu ni chakula chenyewe, ndiyo maana huniuliza kwa huruma, "Sasa wewe, Mwalimu, unakula nini?" Chakula cha Kigoma hakijanishinda. Mgebuka wa kuchoma, mchicha, maharage na kipande cha ugali wa muhogo kisichozidi ngumi yangu hunitosha kabisa. Dagaa nawala pia, mradi wasiwe wale wa chumvi, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na fungu hilo dagaa wa chumvi hulimaliza upesi. Mawese nimeyapunguza bila kuyaacha, jambo ambalo mtu wa Ujiji hapaswi kulisema kwa sauti. Nyumbani, basi, sina tabu. Tabu huanza ninapoalikwa, na kubwa kuliko zote ni saa.

Vidonge ninavyotumia ni vya kulihimiza kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, na sharti lake ni kwamba anayevimeza ale muda mfupi baadaye. Asipokula, sukari hushuka kupita kiasi, na kwa vipimo vya hospitali zetu tunaambiwa tuanze kuogopa inapokuwa chini ya milimoli 4 kwa lita ya damu. Anayejidunga insulini yumo katika hatari hiyo hiyo. Mwaka jana nilialikwa katika harusi ukumbini hapa mjini, kadi ikisema saa 12 jioni. Ilipofika saa 1 mshereheshaji alitangaza kwamba maharusi wako njiani na chakula kitafuata, nami nikameza dawa. Kosa hilo lilikuwa langu, kwa maana katika umri huu nilipaswa kujua uzito wa maneno "wako njiani". Maharusi waliingia saa 2 na nusu. Ukafuata utambulisho wa pande mbili, keki, zawadi za wajomba, zawadi za wafanyakazi wenzao, kila kundi likipita kwa kucheza, na muda wote huo masufuria yamefunikwa pembeni mbele ya macho yetu. Ilipokaribia saa 4 nikaanza kutoka jasho la baridi, mikono ikitetemeka na ulimi ukiwa mzito, na jirani yangu wa mezani akamnong'oneza mkewe kwamba mzee ameshalewa, mimi ambaye sijapata kuonja pombe maishani. Aliyeniokoa ni binti mhudumu ambaye, kumbe, mama yake ana maradhi haya haya. Alinifungulia soda, nikanywa nusu chupa, na baada ya robo saa nikarudi kuwa mtu. Ilikuwa soda ile ile niliyoikataa nilipoketi, kwa kuwa chupa ya mililita 350 huwa na sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, na walioniona nikiikataa kisha wakaniona nikiibugia walikuwa na haki ya kushangaa.

Siwalaumu maharusi. Kamati yao ilikutana kwa wiki nyingi, ikapanga hadi rangi ya vitambaa vya viti, lakini saa ya kula haikuandikwa popote.

Kwenye hitima na maulidi hapa Ujiji saa si tatizo, kwani tukimaliza kusoma tunakula. Huko tatizo ni sinia. Nimelelewa na sinia na siwezi kulibeza, lakini watu watano au sita wanapozunguka pilau moja, hakuna anayeweza kukadiria fungu lake, na ukiondoa mkono mapema wenzako nao huona haya kuendelea. Ndipo husemwa, "Kula, Mwalimu, siku moja haiui." Nikizijumlisha hizo siku moja moja, nadhani zimetimia miezi. Kukataa kabisa nako huonekana ni kumdharau mwenye shughuli, na wapo wanaofika mbali zaidi wakadhani kwamba naogopa kurogwa. Siku hizi nampigia simu mwenyeji siku mbili kabla, tukiwa wawili tu, naomba sahani yangu pembeni, na mfukoni sikosi pipi.

Wapo wenye hali nzito kuliko yangu. Mtoto wa jirani yangu hawezi karanga hata chembe. Akizila midomo huvimba na pumzi hubana. Mama yake akiuliza shughulini kama kisamvu kimeungwa kwa karanga, hujibiwa "hakina" na mpakuaji ambaye hakuwapo kilipopikwa, au ni kweli hakina, ila mwiko wake umetoka kwenye sufuria ya pili. Kwa mtoto yule mwiko unatosha. Mama huangaliwa kama mtu anayechagua vyakula vya watu, na sasa ameacha kwenda naye popote penye kula.

Ukali huu sijui tumeutoa wapi, maana hata saumu ya Ramadhani, ambayo ni nguzo ya dini, mgonjwa ameruhusiwa na Qur'ani yenyewe, katika Sura ya 2, aya ya 184 na 185, kuiacha na kuilipa siku nyingine, wala hakuna anayemwita mwenye dharau. Pilau si nguzo.

Siombi tupikiwe chungu cha peke yetu. Naomba kadi itaje saa ya kula na saa hiyo iheshimiwe, maji yawekwe mezani pamoja na soda, mwenye kuomba sahani yake apewe bila kuhojiwa mbele za watu, na anayeuliza kilichomo chunguni apelekwe kwa mpishi mwenyewe.

Binti yangu wa mwisho anaolewa Desemba, na kamati yetu, baada ya ubishi wa vikao viwili, imekubali kwamba kadi ziandikwe "Chakula: saa 1:30 usiku", zawadi zije baadaye. Mchapaji ametupigia simu kuuliza kama mstari huo umeingia kwa makosa.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma