Rukia, kuhusu pale mama atalala

Rukia wangu,

Asalaam aleikum, hujambo wewe, watoto hawajambo, na mgonjwa wetu wa Kisauni je. Huku twashukuru, ni baridi tu, Julai ya Nairobi wewe waijua, nimevaa sweta mbili na bado meno yagongana. Najua nimekaa kimya tangu uniandikie ile mesej ndefu ya safari ya mama ya hospitali India, kwamba alale Nairobi usiku mmoja kati ya ndege mbili, na najua ushaanza kununa. Sikutaka kukujibu "iko sawa" halafu mama ndiye aende akajionee.

Basi ile hoteli uliyonitumia picha, yenye taulo limekunjwa kama bata juu ya kitanda, "dakika tano kutoka uwanja wa ndege, gari la bure, chai ya asubuhi humo humo", nimeenda nikalala. Ndiyo, mimi, nakaa Ruaka na nimelipa kulala Mombasa Road. Mzee Kombo akisikia atacheka mpaka adondoke. Lakini mama anapita Ijumaa usiku, nikasema niende Ijumaa usiku vile vile nione Ijumaa ya pale ikoje, na wallahi afadhali nilienda.

Nikaanzia pale wanapotokea abiria wa ndege za ndani, nikawapigia simu kama mtu aliyetua kutoka Mombasa. Kijana wa gari akaniambia "niko kona dada, dakika mbili". Haya. Wakumbuka Agosti 2013 baada ya ule moto wa uwanja wa ndege, vile tulimngoja Shafii nje ya mahema, tukasimama mpaka miguu ikawa si yetu? Ndio nilivyosimama. Palikuwa na jamaa wa Kampala hapo, anaenda Guangzhou kununua mzigo, naye angojea gari hilo hilo, akanicheka, akasema hii "kona" yeye anaijua, kila akipita Nairobi huisikia. Gari likaja, na dereva hakuomba hata samahani, akauliza tu "nyinyi ni wawili tu?" kama tumemharibia biashara.

Halafu hizo dakika tano ni za ndege, si za gari. Hoteli iko ng'ambo ya barabara, sasa mpaka uende mbele utafute pa kugeuza, na saa hizo malori yote ya Mombasa yamejipanga kuelekea Mlolongo. Ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, usiifikirie, hiyo ni ya wanaokimbilia mjini na Westlands, inakupita kichwani tu na wewe uko huku chini na trela.

Chumba nisikidanganyie, ni kisafi. Mashuka yananukia sabuni, choo kinameta, mlango una kufuli la kweli. Lakini nimepewa ghorofa ya nne na lifti imebandikwa karatasi, na hiyo karatasi imepauka, yaani si ya jana. Shawa ni ile ya stima, swichi nyekundu iko nje ya mlango, ukitaka maji ya moto yatoke kidogo kama machozi, ukifungua zaidi yawa baridi ya kuua. Blanketi moja. Nikaomba la pili nikaletewa, sawa, msichana wa mapokezi ana adabu zake huyo, simlaumu.

Kelele sasa. Ndege huzizoei? Unazizoea, hata ukalala. Trela zabadilisha gia chini ya dirisha, nazo unazizoea. Lakini nyuma ya ile hoteli kuna kanisa la mabati na Ijumaa wana kesha. Spika mbili Rukia, zimeelekezwa kwetu. Simsemi mtu ibada yake, hata sisi maulidi yetu majirani hawalali, ila mtu ana masaa manne ya kulala na hayo manne yote ni haleluya.

Maana piga hesabu na mimi. Ndege ya Mombasa yatua saa tatu usiku kama haikuchelewa, na wewe ukiipata siku haikuchelewa niambie. Mpaka mama atoke, apate mabegi, huyo wa kona afike, wageuze huko mbele, ni saa nne na nusu au tano. Ya India yaondoka saa moja asubuhi, watu watakiwa wawe pale masaa matatu kabla, hiyo ni saa kumi alfajiri. Aamke saa tisa atawadhe, avae. Na chai ya asubuhi uliyolipia? Yaanza saa kumi na mbili na nusu. Nikauliza kama wanaweza kufunga mkate na yai mtu aende nalo, akasema ndiyo, lazima useme jioni. Nikasema jioni. Asubuhi hakuna aliyejua habari hiyo.

Chakula cha usiku ni chipsi kuku. Nikauliza kuku amechinjwa na nani, yule msichana akaniambia "ni Abdi wa hapo nyuma", kwa uhakika kabisa, nikala. Sijamwona Abdi.

Lakini yote hayo mama angeyavumilia, mama ametoka Pate na jahazi akiwa na mimba yako. Linalonikosesha usingizi ni ile alfajiri. Gari la bure haliondoki mpaka lijae. Saa kumi tumekaa ndani, dereva amejifunika shuka, tungoja watu wa chumba fulani ambao hawakuamka. Tukaondoka. Halafu kabla hujafika kwenye majengo kuna pale pa ukaguzi, wewe wapajua, abiria wote washuka, gari lapita kivyake na nyinyi mwapita kwa miguu kwenye mashine, mikoba ipite, mtoke upande wa pili mlitafute gari lenu kati ya magari mengine meupe yote yafanana. Upepo ule wa Athi ukikupiga saa hiyo unasahau jina lako. Mimi nina miguu mizima na nilikuwa nakimbia. Sasa mama na lile goti? Usiku, na baibui lapeperuka, kishikio cha begi mkononi, hamjui mtu, na dereva ashahama pale alipokuwa? Na bado kuna mashine nyingine mlangoni, vua viatu, kisha kaunta, kisha uhamiaji, kisha ukaguzi tena kabla ya kupanda. Hiyo yote ni kutembea.

Ndio maana nakwambia bei si hoja. Wewe umeangalia bei, na bei yenyewe ni nzuri (hata pale kaunta ukilipa kwa M-Pesa wanakupunguzia kuliko ile bei uliyoiona kwenye simu). Kitanda si hoja. Hoja ni hapo katikati ya kitanda na mlango wa ndege, na hapo hakuna picha wanayoweka.

Nimefikiria hivi. Mama asije kulala pale peke yake. Nitakwenda kumpokea mimi na Hamisi, gari lake, petroli nitamwekea, anadaiwa na nyinyi huyo hana pa kukimbilia. Chini kwenye ile hoteli, upande wa ua, kuna chumba cha vitanda viwili, nimekiona kwa macho, hakina ngazi na spika za kanisa zimekingwa na ukuta. Tutalala mimi na yeye. Hamisi atarudi saa kumi, hatungojei wa chumba fulani waamke. Pale pa ukaguzi nitamshika mkono nimvushe, mpaka pale wasipokubali nivuke mimi.

Najua utasema kwani kwako kuna nini. Ruaka ni upande mwingine kabisa wa mji, na mimi pia niko ghorofa ya tano na lifti yetu ni ngazi. Na najua utasema kwa Bi Nuru, South C ni hapo karibu, msikiti uko, chakula hakuna maswali. Ni kweli. Lakini wewe mwenyewe wajua ile habari ya mkufu haijaisha, mama alisema hatii mguu kwenye nyumba ile na mama akisema… Ingawa kusema kweli Bi Nuru akisikia mama amepita Nairobi akalala hotelini, hiyo itakuwa kesi nyingine mpya. Hapo sijui. Nifikirie na wewe.

Mdogo wako eti asema mama akae tu ndani ya uwanja mpaka asubuhi, viti viko. Mwambie akae yeye. Yule jamaa wa Kampala ashalala pale, asema ni baridi na matangazo hayaishi, na yeye ni kijana wa kubeba marobota.

Sasa kazi yako. Piga simu kampuni ya ndege uombe kiti cha magurudumu, usingoje siku ya safari, wanataka angalau masaa 48 kabla. Hakilipiwi. Waulize mpaka wakwambie wameandika WCHR kwenye tiketi, hiyo ni ya mtu anayeweza kupanda ngazi chache lakini umbali mrefu hawezi, kama na ngazi zenyewe hawezi basi ni WCHS. Na waandike kwa ndege zote mbili, si ya India tu. Mama atakataa, atasema "mimi si kiwete", namsikia kutoka hapa nilipo. Usimtajie goti. Mwambie wanaosukumwa wanapitishwa mbele foleni isiwachoshe, hiyo ni kweli na ataipenda.

Mabegi nayo, kama tiketi ni moja, pale kaunta ya Mombasa waambie yaende moja kwa moja, na mtu aisome ile karatasi wanayofunga kwenye begi, iwe imeandikwa BOM mwisho, ndio Mumbai. Ikiwa ni NBO basi begi lashuka Nairobi na lazima tulichukue. Likienda moja kwa moja mama hatakuwa na nguo ya usiku, kwa hivyo kanga, dawa za presha, mswala na zile barua za hospitali vyote viwe kwenye mkoba wa mkononi. Barua za hospitali zaidi, Rukia. Na soksi nzito, tafadhali, si zile za nailoni.

Na kadi ya homa ya manjano! India hawana mchezo na hiyo kwa mtu anayetoka Kenya, bila kadi wanaweza kumweka karantini siku kadhaa, na hapo hospitali itakuwa yamngoja. Kama alichanjwa zamani alipokwenda Umra iangalie ile kadi, chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni kitu kingine, isije ikawa ndiyo hiyo tu. Ikiwa ya homa ya manjano ipo basi yatosha, tangu 2016 haina kuisha, mtu asikutishe na miaka kumi. Ikiwa haipo hilo ni balaa kidogo manake yataka siku 10 baada ya sindano ndio ikubalike, hapo tarehe ya safari haitatosha, na kwa umri wake zaidi ya 60 daktari lazima amwone kwanza. Hili angalia leo, sio kesho. Hoteli tutapata, hii tukikosa hakuna safari.

Mengine ni mengi. Zuhura ameacha kazi pale Industrial Area, atakuhadithia mwenyewe, mimi nimekatazwa. Kodi imepanda. Yale mabuyu ya achari uliyonitumia yamekwisha na hayakufika wikendi.

Haya nijibu basi, manake nina maswali. Tiketi ni moja au mbili? Nani anampeleka uwanjani huko, ni Salim, na Salim amerudi kweli au ni maneno? Kadi iko wapi, kwenye lile sanduku la bati? Mama bado hanywi maziwa usiku? Simu yake ile ya vitufe ina namba yangu au ni ile ya zamani? Huko Mumbai nani anampokea, wale watu wa hospitali au mtoto wa Bi Khadija, na kama ni mtoto wa Bi Khadija, aaminika? Na Bi Nuru, nimpigie mimi, umpigie wewe, au tunyamaze sote?

Jibu kabla ya Jumatano. Yule msichana ananishikia chumba cha chini kwa mdomo tu, sijampa hata shilingi.

Wako,
Tima